Jembe Lisilo na Mpini

Mtu mmoja alikuwa na wenzake watatu waliozaliwa mwaka mmoja naye, katika kijiji kimoja cha milimani, mwaka ule nzige walipomaliza mahindi yote. Majina yao manne yamo katika ukurasa mmoja wa kitabu cha ubatizo: Gerold Hyera, Kolumba Haule, Meinrad Kinunda, Osmund Ndomba. Gerold akawa jaji. Kolumba akawa daktari, mwanamke wa kwanza wa kijiji kile kusomea kazi hiyo. Meinrad alikimbia mbio ndefu, akarudi na medali kutoka nchi za mbali. Osmund, ambaye ndiye ninayemsema, aliezeka nyumba za watu kwa nyasi.

Kijijini kwao kaburi la mtu huanzwa na mwenzake wa mwaka. Huyo hupiga jembe la kwanza, wengine humalizia. Anayebaki peke yake, kaburi lake huanzwa na mtoto wa mwenzake wa mwisho, ikiwa yeye alikwenda kumzika huyo mwenzake. Asiyeanziwa hivyo husemwa amezikwa kama mpita njia.

Meinrad alikufa kwanza, kwa pombe. Osmund alipiga jembe. Kisha Kolumba aliletwa kutoka mjini siku ya mvua kubwa. Osmund alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alipiga jembe, akateleza, akainuka, akapiga tena. Mara zote mbili Gerold alituma shada la maua lenye jina na cheo chake.

Baadaye wilaya ilibandika kibao cha shaba ukumbini: watu mashuhuri waliozaliwa mwaka ule. Majina yalikuwa matatu.

Osmund alipovimba miguu na kushindwa kulala chali, alijua. Akamtuma binti yake Tekla kwa Gerold. "Mwambie simwombi kitu. Aje apige jembe moja tu, nisizikwe kama mpita njia."

Gerold alimsikiliza Tekla hadi mwisho, wala hakukataa. Wiki ya pili dereva wake alileta kifurushi. Ndani mlikuwa na jembe jipya, halina mpini, kama yanavyouzwa dukani.

"Mzee amebanwa na vikao," dereva alisema. "Lakini jembe ni lake, kwa hiyo ni kama amepiga mwenyewe."

Osmund alipitisha kidole kwenye tundu la mpini. "Jembe zuri, mwanangu. Mkono wake umeushusha wapi?"

Alikufa Jumanne. Kaburi lake lilianzwa na jirani, mtu aliyezaliwa miaka ishirini baada yake.

Mwaka wa tatu aliletwa Gerold. Magari yalipangana hadi mtoni. Wosia wake ulikuwa mfupi: azikwe kijijini, kwa desturi ya kijiji. Mwenyekiti wa mazishi aliusoma, kisha akaita mtoto wa Osmund Ndomba. Tekla akatokea, amebeba lile jembe, karatasi ya duka ingali juu yake. Akaliweka chini, pale palipopimwa.

"Baba mdogo alileta hili," alisema. "Tumelitunza kama lilivyokuja."

Akarudi kuketi na wanawake. Hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyeinuka kulitia mpini. Jeneza lilikaa juani hadi saa nane. Mwishowe dereva alivua koti, akaazima jembe la mtu, akaanza kuchimba.

Jina la Gerold Hyera lingali kwenye shaba, la kwanza, wala halina kosa hata herufi moja. Nanyi mnaosoma kwa fahari majina ya wakubwa waliozaliwa mwaka wenu, kaburi la nani mmelianza kwa mkono wenu?