Matanga ya Mtu Aliye Hai

Wahenga hawakuwa na friji, lakini walijua kitu kimoja kisichovunda hata kikiachwa nje miaka mingi. Walisema wema hauozi, yaani jema ulilomtendea mtu halipotei hata wewe mwenyewe ukilisahau. Asiyesadiki na asikie jinsi Mzee Munyaneza wa mtaa wa Frogtown, mjini Saint Paul, Amerika, alivyoyakuta matanga yake mwenyewe.

Mzee huyu, mkimbizi kutoka Kongo ya mashariki, aliwafundisha watoto wa kanisani Neno la Mungu kwa Kiswahili, nao wakimjibu kwa Kiingereza, macho kwenye simu. Siku alipotimiza miaka sabini na mitano, alimwambia binti yake Bernardine aliyekuwa akijiandaa kwenda kazini, "Mwanangu, majira yangu yamepita. Nimefundisha tangu kambini, na simwoni hata mtu mmoja niliyemfaa. Leo namwambia mchungaji ninaacha." Mzee akapanda treni mpaka kanisani, akakuta mlango umefungwa. Akangoja hadi akachoka, akarudi.

Asichokijua ni kwamba mjukuu wake Kirezi, kabla ya kwenda shule, alikuwa ameweka picha ya babu yake akiwa na suti mahali pa sura yake kwenye WhatsApp, pamoja na mshumaa unaowaka. Kwa msichana aliyekulia Amerika, huo ulikuwa mshumaa wa keki ya siku ya kuzaliwa. Kwa watu wao, picha ya mzee ikikaa mahali pa sura ya mjukuu, tena na mshumaa, ni msiba tu. Waliojaribu kupiga simu hawakupokelewa, maana Kirezi alikuwa darasani na Bernardine zamuni. Basi wakaenda moja kwa moja nyumbani, maana msiba hausubiri.

Mzee alipokata kona alikuta magari yamejaa pande zote mbili za barabara, na kilio kikitoka uani kwake. "Bernardine!" alinong'ona. "Mwanangu amekufa!" Akashika ua wa jirani asianguke. Hakuwahi kuogopa vile, hata vitani.

Ndipo akamsikia mwanamume akisema huku analia. Alikuwa Sosthène, kijana waliyekuwa naye kambini, aliyeacha kazi yake mji wa Eden Prairie akaja mbio.

"Kambini nilikuwa mlevi," Sosthène alisema. "Nilishakubali kurudi porini kubeba bunduki, na gari lilikuwa linatuchukua asubuhi. Papa Munyaneza akaja kukaa mlangoni kwangu. Hakunihubiri. Alisema, 'Kabla hujaenda, nikufundishe wimbo mmoja tu.' Vraiment, kweli kabisa, wimbo ule haukuwa na mwisho! Gari likaenda bila mimi. Wenzangu wote walikufa. Leo kila Jumamosi nakaa na vijana wetu waliopotea, na mimi nawafundisha kuimba. Papa amekufa bila mimi kumwambia asante."

Papa amekufa? Mzee aliduwaa kama aliyepigwa na radi. Kumbe marehemu ni yeye! Wimbo ule alikuwa ameusahau kabisa. Alichokumbuka ni kwamba kijana yule alikuwa na sauti mbaya ajabu. Machozi yakamtoka, akajitokeza uani.

"Sosthène, kumbe ulijifunza?"

Lo! Viti vilipinduka. Mama Donatille alitimua mbio akiwa na kiatu kimoja. Mtu mwingine akapaza sauti, "Pepo, toka katika jina la Yesu!" Mchungaji mwenyewe, ambaye kumbe ndiye aliyekuwa akiongoza matanga, aliangusha Biblia. Sosthène peke yake hakukimbia. Alimgusa mzee mkono, akauhisi una joto, akapiga magoti na kulia kama mtoto.

Kirezi akaingia na mkoba wake wa shule. "Babu, who died?"

"Mimi," mzee akamjibu, "lakini sijambo."

Ilipoeleweka habari ya picha, watu walicheka. Mzee hakucheka. Alimgeukia mchungaji. "Nilikuja kwako leo nikuambie siwafundishi tena watoto. Nilidhani nimepanda mwambani. Jumapili nitakuja, hata wakinijibu kwa Kichina."

Sosthène akamshika mkono, akaanza ule wimbo. Sauti yake ilikuwa bado mbaya, lakini uani hapakuwa na mtu asiyeitikia, kwa maana kweli wema hauozi.