Vibuyu Viwili na Tumbo la Kiboko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa mto!
Mto una nini?
— Una mwenyewe!
Mwenyewe ana nini?
— Ana tumbo!

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana tumbo lenyewe likianza kusema halitaki kelele.

Hapo kale palikuwa na mto, na mto ulikuwa na mtawala, Mwinyi Kiboko. Mnene huyo! Akikaa, mto unapanda. Akiinuka, mto unashuka. Na nchi yake aliitawala kwa tumbo. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Likitokea jambo, wanyama wanakusanyika ukingoni. Kiboko anafumba macho. Kimyaaa. Kisha tumbo linanguruma: nguru-nguru-nguruuu! Hapo Kanga, mpiga mbiu wake, anaruka juu ya kichuguu na kupaza sauti, "Tumbo limesema!" Na wote wanaitikia, "Limesema!" Ndipo Kiboko anafumbua macho na kuwaambia limesema nini. Na likishasema, basi. Tumbo halibishiwi.

Siku moja tumbo lilisema chemchemi ya juu, kule mawe yanakotoa maji baridi, ni ya Kiboko peke yake. Akawa anakunywa juu. Akishakunywa, anateremka hatua mbili, anaoga. Na kiboko akioga mnajua anavyofanya na kile kimkia chake: pwata-pwata-pwata! Mavi kulia, mavi kushoto. Wengine wote wakabaki kunywa bwawani, chini yake.

Watoto wakaanza kuumwa. Wa Digidigi akaharisha. Wa Ngiri akaharisha. Wa Nungunungu akaharisha mpaka miiba ikalala. Wazazi wakaenda kulia kwa Kiboko.

Nguru-nguru-nguruuu!

"Tumbo limesema!"

"Limesema!"

"Limesema ugonjwa unaletwa na kelele za vyura," akasema Kiboko. "Wafukuzwe."

Vyura wakafukuzwa. Watoto wakazidi kuumwa. Wazazi wakarudi.

Nguru-nguru-nguruuu!

"Tumbo limesema!"

"Limesema!"

"Limesema ugonjwa unaletwa na maboga. Yaleteni yote hapa niyalinde."

Akayalinda, tena vizuri sana, yote humo tumboni. Watoto wakazidi kuumwa, na sasa wana njaa juu yake.

Katika nchi hiyo alikuwapo Bi Sange, kale kanyama kadogo kenye pua ndefu isiyotulia, fuku-fuku, fuku-fuku. Bi Sange alizaa watatu. Ugonjwa ukachukua wawili. Akabaki na mmoja, Kitunda, naye amelala juu ya jani, macho yameingia ndani, hata nzi hamfukuzi.

Bi Sange alilia siku moja. Siku ya pili akafuta machozi, akashika nyuzi mbili za ukindu, akaanza kupita nyumba kwa nyumba.

"Hodi! Mtoto wako mzima au mgonjwa?"

"Mgonjwa, dada."

"Anakunywa wapi?"

"Bwawani."

Akafunga fundo kwenye ukindu mmoja. "Hodi! Na wako?"

"Mzima. Sisi tunakaa mbali, twalamba umande na maji ya majanini."

Akafunga fundo kwenye ukindu wa pili. Hodi, fundo. Hodi, fundo. Alipomaliza nchi nzima, alizitazama zile nyuzi mbili, na pua yake kwa mara ya kwanza ikatulia.

Akakimbia barazani. "Shikamoo, Mwinyi."

"Marahaba, kijipua. Una nini?"

"Mwinyi, nimeuliza kila nyumba. Wanaokunywa bwawani ndio wagonjwa. Ona mafundo haya, na ona haya."

Kiboko akazichukua zile nyuzi. Akazigeuza. Akazitia mdomoni. Kwacha, kwacha, kwacha.

"Kavu," akasema. "Na tumbo halijasema kitu."

"Halijasema!" wakaitikia wote, hata wale waliofungiwa fundo la mtoto wao. Ndiyo, hata hao! Mazoea yana taabu.

Njiani Mzee Kobe akamkuta Bi Sange. "Mwanangu," akamwambia, "uliyosema ni kweli. Ila umempelekea mafundo mtu anayesikia kwa tumbo."

Bi Sange akainua pua. Fuku-fuku. "Basi, babu, nitampelekea tumboni."

Kesho yake asubuhi akarudi kwa Kiboko, kainama mpaka pua inagusa tope.

"Mwinyi, nimekuja kukutetea. Watu wana maneno mabaya."

"Maneno gani?"

"Siwezi kuyasema."

"Sema!"

"Wanasema tumbo lako limezeeka. Eti hata maji ya chemchemi na maji ya bwawa haliwezi kuyatofautisha."

Kiboko akapanua kinywa, miti ikatetemeka. "Tumbo langu? Tumbo LANGU?"

"Ndivyo nilivyowaambia na mimi! Nikasema, tumbo la Mwinyi lijaribiwe mbele ya watu, siku sita. Kila asubuhi litaletewa kibuyu kimoja, bila kuambiwa ni maji ya wapi. Jua likisimama, liseme. Likijua, wote watanyamaza, na chemchemi itakuwa yako milele."

Kiboko akasitasita. "Maji matupu?"

"Na boga moja la kuchoma kila siku. Nina shina nililolificha kwenye miiba."

"Kwa nini ulilificha?"

"Nilikuwa nakuwekea, Mwinyi."

Basi hapo mate yalishaanza kudondoka, to, to, to. Akakubali.

Sasa sikilizeni alivyofanya huyo mwanamke. Alitafuta vibuyu viwili vya ukubwa mmoja, shingo nyembamba, rangi moja. Kimoja akakichora mstari chini ya kitako: hicho cha maji ya bwawa. Akampa Kobe vyote viwili, na gamba la konokono. "Kila alfajiri, babu, rusha gamba. Likilala chali, peleka kibuyu cha bwawa. Likilala kifudifudi, peleka cha chemchemi. Usiniambie hata mimi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Mwenye kujua jibu, uso wake humsengenya."

Siku ya kwanza. Asubuhi boga, asubuhi kibuyu. Kiboko hanusi, anamimina tu: kulu-kulu-kulu! Jua likasimama. Watu wakatega masikio. Nguru... nguru... poroo! Porooo-poroo! Kiboko akakimbilia kichakani, kichaka kikakauka.

Kanga akaruka juu ya kichuguu. "Tumbo limesema!"

"Limesemaaa!"

Kobe akaweka jiwe jeusi.

Siku ya pili. Asubuhi boga, asubuhi kibuyu. Kulu-kulu-kulu! Jua likasimama. Tumbo tuli. Kobe akaweka jiwe jeupe.

Siku ya tatu, poroo! Siku ya nne, poroo tena, na Kiboko akatoka kichakani anatembea amekunja miguu kama bibi harusi. Siku ya tano, tuli. Siku ya sita, tuli.

Jioni ile nchi nzima ilijaa ukingoni. Bi Sange alimbeba Kitunda mgongoni, shingo imelegea, maana hakuwa na wa kumwachia, na wala hakujua kama kesho atakuwa na wa kumbeba.

"Babu Kobe," akasema, "siku tumbo liliposema, ulipeleka kibuyu gani?"

Kobe akakiinua taratibu. Mnamjua Kobe, hana haraka. Akakigeuza juu chini. Mstari, alama ya maji ya bwawa!

"Siku ya kwanza hiki. Ya tatu hiki. Ya nne hiki. Siku zile tatu za kimya, kile kingine."

Wanyama wakavuta pumzi kwa pamoja, hiii!

"Ni maboga!" akanguruma Kiboko. "Maboga yake yana sumu!"

"Mwinyi, boga ulikula siku zote sita, la shina moja. Lililobadilika ni maji tu."

Kiboko akatazama kushoto. Akatazama kulia. "Basi tumbo limekosea! Tumbo linaweza kukosea!"

Loo! Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo. Bi Sange akasogea, mdogo vile, akasimama mbele ya kinywa kile kipana kama mlango wa ghala.

"Mwinyi, chagua. Kama tumbo ni la kweli, limesema maji ya bwawa ndiyo yanayoua watoto, na anayeyachafua anaoga juu yao. Kama tumbo ni la uongo, basi nani alikupa chemchemi?"

Kimyaaa. 

Ndipo kutoka ndani ya tumbo, bila kuitwa na mtu, pakatoka: nguru-nguru-nguruuu!

Kanga alishazoea. Akaruka kwenye kichuguu: "Tumbo limesema!"

"LIMESEMA!" Wakaitikia mpaka vyura walikofukuzwa wakasikia. Na safari hii hakuna aliyengoja kuambiwa limesema nini. Wakapanda mbio kwenye chemchemi, vigelegele, ririririi! Digidigi na wanawe, Ngiri na wanawe. Kiboko akateremka chini kabisa, kupita bwawa, pwata, pwata, na huko ndiko anakooga hadi leo, macho tu nje, aibu imemjaa.

Bi Sange akamnywesha Kitunda tone kwa tone. Siku ya kwanza tone. Siku ya pili funda. Siku ya tatu Kitunda akafukuza nzi. Siku ya nne akalia anataka boga, na mama yake akacheka, akamwambia, "Amelimaliza mkubwa!"

Vyura wakarudishwa kwa ngoma. Na tangu hapo, Kiboko akitaka kutoa amri, Kanga haruki tena kichuguuni. Kwanza anauliza, "Na vibuyu viwili viko wapi?"

Basi wanangu, ngano hii yatufunza nini? Yatufunza kutii tumbo la mkubwa, maana halikosei kamwe. Kuulizauliza nyumba za watu na kufunga mafundo ni umbea tu, hakukusaidia kitu. Ndivyo anavyosimulia Kiboko mwenyewe, na nani anajua zaidi yake? Yeye ndiye aliyekimbilia kichakani.

Ngano yangu nimeitia kibuyuni, nimeiziba kwa gunzi. Ikiwa tamu, meza. Ikiwa chungu, tema. Lakini kwanza, geuza kibuyu utazame kitakoni.