Jiwe la Guttavaram

Sogeeni karibu, wasikilizaji. Mimi naleta kisa. Hukumu mtaileta ninyi.

Katika kijiji cha Guttavaram, kusini mwa Bara Hindi, waliishi watu watatu. Polayya, mchoma chokaa, alijaliwa mikono yenye nguvu za fahali. Gangamma, mjane mfuga mbuzi, alikuwa na kifua: neno likiingia kwake halitoki. Na Subbanna, mwimbaji wa raja, mfalme wa nchi ile, alijaliwa ulimi.

Juu ya kijiji palikuwa na kilima chenye magofu. Zama za kale watawa wa Kibudha waliishi pale, wakisali na kufundisha. Kisha misafara ya wafanyabiashara ikabadili njia, sadaka zikakoma, watawa wakatawanyika. Miti ikaota ndani ya vyumba vyao. Vizazi vikapita, hata wale ambao mababu zao waliwapelekea watawa wali hawakujua tena watawa hao walikuwa nani. Yakabaki marumaru yaliyochongwa, na marumaru ukiyachoma hutoa chokaa nyeupe safi.

Raja akaanza kujenga kasri. Akaamuru kilima kizima kichomwe.

Polayya akachoma. Tusimfiche, alichoma mengi. Ila asubuhi moja, jiwe alilokwisha kulisukuma tanurini lilibanduka matope kwa joto, na nakshi zikajitokeza. Watu wamepiga magoti, mama amempakata mtoto, wote wakitazama kiti kitupu. Chini ya kiti, nyayo mbili.

"Hawa wanamngoja mtu," Polayya alisema, akatia mikono motoni.

Alilitoa. Viganja vyake viliungua, vidole vikajikunja, na tangu siku hiyo hakushika tena sururu. Lilipopoa, akalibeba mgongoni hadi nyumba ya kwanza aliyoiona.

"Dada Gangamma, nifichie."

"Liweke hapo. Mengine usiniambie."

Gangamma akalilaza kifudifudi mlangoni pake, akalisiriba udongo na samadi kama sakafu. Msimamizi wa tanuri alikwisha kumshtaki Polayya kwa raja, na askari wakaja wakipekua nyumba hadi nyumba. Walimhoji Gangamma wakiwa wamesimama juu ya jiwe lenyewe.

"Mama, sema, tukuache salama."

"Wanangu, mjane kama mimi ana nini cha kuficha?"

Wakang'oa paa lake, wakaswaga mbuzi wake wote. Mvua za mwaka ule zilimnyeshea kitandani. Hakusema.

Polayya alikamatwa, akahukumiwa kunyongwa. Hapo Subbanna akasimama barazani mbele ya raja. Mwimbaji aliyemtangulia aliwahi kumuudhi raja, akakatwa ulimi. Subbanna alilijua hilo vizuri.

"Bwana wangu," alisema, "unajenga ili ukumbukwe. Aliyejenga kilimani naye alitaka hivyo hivyo. Siku mjukuu wa mjukuu wako atakapohitaji chokaa, atachoma nini?"

Raja aliwageukia askari wake.

"Zimeni tanuri," alisema. "Mfungueni yule mtu. Na wewe Subbanna, umesema kweli, lakini sauti yako nisiisikie tena nyumbani mwangu."

Basi Subbanna akatoka bila kazi, akawa anaimba masokoni kwa kibaba cha mchele.

Miaka ikapita. Mtawa mmoja kutoka kisiwa cha Lanka, jina lake Sumedha, akafika akihiji mahali pa kale. Kilimani alikuta msingi mtupu na majivu. Gangamma alipofukua sakafu ya mlangoni pake na kumwonyesha jiwe, mtawa alipiga magoti akalia.

"Kiti hiki ni cha Budha," aliwaambia. "Wachongaji wa kale hawakuthubutu kuchonga sura yake, ndiyo maana mnaona nyayo tu."

Raja, sasa mzee, akapata habari. Akawaita wote. "Jiwe hili si langu tena," alisema. "Aliyeliokoa ndiye atakayeamua likae wapi."

"Lirudi kilimani," Polayya alisema. "Nyumba yake nzima niliiteketeza mimi. Walau hili likalale kwao."

"Kilimani kuna mvua na wezi, kaka yangu," Gangamma alisema. "Nimelilalia njaa. Libaki mlangoni pangu, safari hii uso juu."

Subbanna akatikisa kichwa. "Hapa nani anajua sala zake? Sisi tutalipamba maua mwaka huu, mwakani tutalianikia pilipili. Liende Lanka na mtawa huyu, kwa watu wanaolijua."

Raja akamgeukia Sumedha. Mtawa akakataa kuamua. Yeye, alisema, hakupoteza kitu kwa ajili ya jiwe hilo.

Bila mikono ya Polayya lingekuwa chokaa ukutani. Bila kifua cha Gangamma lingerudishwa motoni. Bila ulimi wa Subbanna tanuri lisingezimwa, na Polayya angekufa.

Raja anawatazama, nao watatu wanatazama jiwe. Haya, wasikilizaji wangu: neno la mwisho mngempa nani?