Mteja Aliyeongoza kwa Alama

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Ambakisye. Jina nimempa mimi, kwa hiyo msiende kumtafuta Uyole.

Ambakisye aliuza vifaranga. Alianza na mashine moja ya kutotoleshea mayai, sebuleni kwake, na wakati huo alimjua kila mteja kwa jina. Ukinunua kwake vifaranga mia leo, wiki ijayo anakupigia: "Wanaendeleaje? Umeshawapa chanjo?" Watu walimpenda kwa hilo. Wakaambiana. Mashine zikawa sita, akafungua na duka la chakula na dawa za kuku, wateja wakafika elfu na ushee. Sasa niambieni, nani anaweza kupigia simu watu elfu? Akaanza kusahau. Huyu hakukumbushwa chanjo, yule akaenda kununua chakula cha kuku duka jingine.

Basi akatafuta programu ya kompyuta ya kutunza wateja. Nami simlaumu, alifanya jambo la akili. Alikaa siku nne akiipanga, hatua kwa hatua. Mtu akinunua, apokee ujumbe wa kumkaribisha, wenye jina lake. Siku ya saba, akumbushwe chanjo. Siku ya ishirini na moja, aambiwe abadilishe chakula, na kwamba chakula kipo dukani. Na mteja akijibu lolote, mashine imjibu papo hapo: "Asante sana kwa kuwasiliana nasi. Tunakujali." Juu ya hayo, programu ilimpa kila mteja alama. Kila akijibu, tano. Mwenye alama nyingi ndiye anayehesabiwa kuwa karibu kununua tena.

Mkewe alimuuliza, "Hao wakijibu, nani anasoma?"

"Mashine inajibu yenyewe."

"Sijauliza nani anajibu."

Ambakisye akacheka, akaendelea na kazi yake. Na alikuwa na sababu ya kucheka, maana mambo yalikwenda! Oda ziliingia yeye akiwa anakunywa chai. Wateja wakasema, jamani huyu bwana hasahau mtu.

Mwisho wa mwezi wa tatu akafungua orodha ya alama. Juu kabisa palikuwa na mama mmoja wa Chimala, Mama Subilaga, aliyenunua vifaranga mia tatu. Alama tisini! Wa pili hakufika hata thelathini. Ambakisye akafurahi kupita kiasi. Akasema, mama huyu anatupenda, lazima tumpe zawadi. Akafunga utepe mwekundu kwenye gunia la chakula cha kuku, akavaa shati jipya, akamchukua mpiga picha, wakaenda.

Walimkuta Mama Subilaga nje, anaosha vyombo vya kunyweshea kuku na kuvipanga juani, vimepinduliwa. Banda lilikuwa nyuma yake. Ninyi mnaofuga mnajua banda la vifaranga mia tatu linavyopiga kelele. Hili lilikuwa kimya. Ambakisye alisikia kile kimya kabla hajafika mlangoni.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye Ambakisye wa vifaranga."

Mama akanyanyua macho. "Marahaba, baba. Kumbe upo."

Akafuta mikono kwenye kanga, akampa simu yake asome mwenyewe.

"Vifaranga wangu wanaharisha damu, nifanyeje?" Asante sana kwa kuwasiliana nasi, Subilaga. Tunakujali. "Wamekufa kumi na wawili." Asante sana kwa kuwasiliana nasi, Subilaga. Tunakujali. "Baba, wote wamejikunyata, hawali, nisaidie." Asante sana. Katikati ya vilio hivyo, siku ya ishirini na moja ikafika, na ujumbe ukaja: "Hongera! Kuku wako sasa wanakua vizuri." Mama aliandika mara kumi na nane kwa siku nne. Kumi na nane mara tano, wapendwa, ni tisini. Zile alama zilikuwa kilio.

Na dawa ya ugonjwa ule inachanganywa kwenye maji tu. Ilikuwa imejaa kwenye rafu ya duka lake.

Mpiga picha akarudi polepole kwenye gari.

Ambakisye akasema, kwa sauti ndogo, "Mama, ofisi ya bwana mifugo si ipo hapo barabarani? Kwa nini hukumwita?"

"Kwa sababu ulikuwa unanijibu," mama akasema. "Ungenyamaza, ningeenda kwake siku ile ile ya kwanza. Lakini mtu anayekujibu haraka namna ile, unajua yuko njiani."

Ambakisye akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na shati lake jipya.

Wiki iliyofuata alirudi na vifaranga wengine mia tatu, na daktari wa mifugo pembeni yake, na akawa anakuja mwenyewe kuwaangalia mpaka walipoota manyoya. Programu hakuitupa. Aliongeza hatua moja tu: mteja akijibu, mashine inyamaze, na simu ya Ambakisye iite.

Sasa, sisi je? Fungueni kundi letu la jumuiya kwenye simu. Mtu anaandika, "Mume wangu amelazwa." Haipiti dakika: pole sana, tunakuombea, mikono ya kusali arobaini. Halafu? Nani alikwenda wodini? Tunadhani tumefanya kitu kidogo kizuri. Ndugu zangu, huenda tumemfungia mlango. Ameona majibu arobaini, akasema moyoni, watu wangu wako njiani, akaacha kuita wengine. Amekaa kwenye benchi la hospitali anatazama geti.

Najua hamna roho mbaya. Nawafahamu, na najua hili mnaliweza. Kwa hiyo ukitoka hapa, mtafute mtu mmoja uliyemwandikia wiki hii "tunakuombea". Usimwandikie tena. Nenda. Na kama huwezi kwenda, mwambie wazi kwamba huwezi, ili aite mtu mwingine wakati vifaranga bado wako hai.

Tusimame.