Kwa Nini Mwanzi Huchorwa kwa Wino Mweusi

Kulikuwa na wakati, wadogo zangu, ambapo mwanzi uliochorwa ulikuwa mwanzi tu. Wachoraji wa China waliupaka rangi ya kijani, watu wakautazama, wakasema ni mzuri, basi. Hakuna aliyejiuliza unasema nini.

Wakati huo, katika kijiji cha milimani, aliishi msichana aitwaye Suyin. Wazazi wake walitengeneza wino kwa masizi ya msonobari, na hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyejua kusoma wala kuandika. Kaka yake, Boren, alikuwa amechukuliwa kwa nguvu kwenda kujenga ngome ya mfalme, mbali sana.

Mchuuzi wa chumvi, Mzee Gao, akaleta habari mbaya. Boren alikuwa hataki kumwinamia msimamizi. Alikuwa ameshapigwa, na msimamizi ameapa kwamba akikataa tena atauawa. Baba akamwomba Mzee Gao ampelekee kijana maneno ya kumtuliza, lakini mzee aliogopa, maana walinzi waliwasikiliza wachuuzi neno kwa neno.

Suyin hakujua la kufanya. Nje, theluji ilikuwa imeinamisha mianzi mpaka ncha zikagusa ardhi. Akaitazama kwa muda, akachukua brashi, akachora mwanzi mmoja ulioinama. Rangi hawakuwa nayo, akatumia wino wa nyumbani. Hata mama yake alimuuliza hicho ni nini. Mzee Gao akakubali kumpelekea Boren picha hiyo, maana haikuwa na neno hata moja.

Kule ngomeni walinzi waliigeuza picha juu chini. Wakabishana kama ni mti au ni nyoka, wakachoka, wakaipitisha.

Boren naye hakuelewa. "Natetemeka kwa baridi, dada yangu ananiletea mwanzi," alimwambia mwenzake. "Tena umeungua."

"Labda ni wa kuotea moto," mwenzake akasema.

Asubuhi iliyofuata wafanyakazi walipangwa mstari kumsubiri msimamizi. Kando yao mianzi ilikuwa imelemewa na theluji. Jua lilipopanda, theluji iliteleza kutoka kwenye mwanzi mmoja, nao ukainuka taratibu, mzima, haukuvunjika. Boren akautazama, akamtazama msimamizi anayekuja. Bado hakuwa na uhakika kama hicho ndicho Suyin alichomaanisha. Akainama.

Msimamizi akabaki amesimama na fimbo mkononi, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kisha akapita.

Ngome ilipokamilika, Boren alirudi nyumbani amekonda, lakini akitembea kwa miguu yake.

"Ulikuwa unaniambia niwe mwoga?" alimuuliza dada yake.

"Nilikuwa nakuambia uje nyumbani, kaka."

Habari ya picha ile ikaenea, na tangu mwaka ule wachoraji wa nchi hiyo huuchora mwanzi kwa wino mweusi, ingawa kila mtu anajua kwamba ni wa kijani. Anayeletewa picha hiyo hushangaa kwanza. Kisha hujiuliza ni nani anayemtaka awe hai.