Simu Iliyofichwa Butini

"Simu iliyofichwa haina msikilizaji." Mmemsikia fundi akimwambia mwenzake, nanyi mnauliza maneno hayo yalitoka wapi. Kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Mbeya palikuwa na kiwanda cha kuchapa mitihani. Simu haikuruhusiwa kuvuka lango lake. Kila asubuhi wafanyakazi walipanga foleni mbele ya kibanda cha Bi Tusekile, wakamkabidhi simu, naye akawapa kibao chenye namba. Mlinzi alikagua kibao tu. Mwenye nacho alipita.

Bi Tusekile hakuwa sanduku la kutunzia simu tu. Kila aliyetarajia habari nzito alimwambia, naye akaifunga simu yake uzi mwekundu. Simu yenye uzi ikilia, aliipokea, akagonga kengele, na mwenyewe akaitwa.

Lusajo, fundi wa mashine, alikuwa mgeni kazini. Mkewe, Atuganile, alikuwa katika siku zake za kujifungua. Lakini kwao habari za mimba hazisemwi mbele ya watu, na foleni ile ilikuwa na masikio mengi. Basi akaamua kukabidhi simu mbovu ya kaka yake. Yake ya kweli akaizima mlio, akaiacha itetemeke tu, akaitia ndani ya buti.

"Una neno leo, mwanangu?" Bi Tusekile alimuuliza.

"Sina, mama."

"Hata nyumbani?"

"Nyumbani shwari."

"Ndoa isiyo na habari hiyo!" mtu akadakia nyuma, foleni ikacheka.

"Na mbona simu yenyewe baridi hivi?" Bi Tusekile akauliza tena.

"Betri imekwisha, mama."

Akapewa kibao namba thelathini na moja, akapita.

Saa tatu mashine ziliwashwa. Ninyi hamjasimama karibu na mashine ya kuchapa: sakafu hutetemeka, meza hutetemeka, meno hutetemeka. Simu ya Lusajo ilitetemeka pia, tena na tena. Mguu wake haukujua tofauti.

Saa nne na nusu pikipiki ilifunga breki langoni. Subilaga, mdogo wake Atuganile, aliruka chini akiwa na kiatu kimoja.

"Mama, shemeji Lusajo yuko wapi? Dada anatakiwa kupasuliwa sasa hivi! Damu ya kundi lake imekwisha hospitalini, na shemeji ndiye mwenye kundi hilo!"

Bi Tusekile alichomoa simu namba thelathini na moja. "Hii haijalia hata mara moja. Imekufa."

"Inaita, mama! Sikia!" Subilaga akapiga tena namba ya Lusajo, akamwekea simu yake sikioni.

"Inaitia wapi?"

Hapo wakatambua kuwa Lusajo ana simu nyingine. Kisha Bi Tusekile akaishika kamba ya kengele, akaivuta kwa mikono miwili.

Lusajo alitoka mbio, mikono imejaa wino. Alipofika kibandani, buti lake lilisikika likivuma, maana Subilaga alikuwa bado anapiga.

"Vua buti," Bi Tusekile alimwambia.

"Mama, naomba nikueleze..."

"Asubuhi nilikuuliza, ukasema huna neno. Vua!"

Akavua. Simu ikaanguka, ingali inatetemeka, na kwenye kioo simu kumi na tisa zisizopokelewa.

"Simu iliyofichwa haina msikilizaji," alisema Bi Tusekile. "Kimbia!"

Lusajo alipanda pikipiki buti moja mkononi. Hakuna aliyecheka. Hata ile foleni ya asubuhi, kama ingekuwapo, ingemsukuma.

Alipofika hospitalini, daktari alikuwa ameanza kutafuta wodini mtu mwingine wa kutoa damu. Wakamlaza, wakamtoa damu palepale. Kabla ya adhuhuri mtoto wa kike alilia, na mama yake akapona.

Kesho yake Lusajo alifukuzwa kazi. Hakubisha, aliyeingiza simu penye mitihani hana utetezi. Lililomuuma zaidi lilikuwa swali la Atuganile, siku alipoweza kukaa kitandani.

"Tulikupigia tukachoka. Simu ulikuwa umeiacha wapi?"

"Sikuiacha, mke wangu. Nilikuwa nayo."

Atuganile akampa mtoto ampakate.

Basi mkisikia mtu amebeba shida yake peke yake, akiwaficha hata wale waliowekwa mlangoni wamsaidie, mjue ndiye anayesemwa: simu iliyofichwa haina msikilizaji.