Mgeni Anayebisha Hodi Akishaingia

Kitendawili!

"Tega!"

Nina mgeni, hubisha hodi akishaingia.

Bibi yangu alinitegea hicho nikiwa mdogo. Nikashindwa, nikampa mji. Akala mji wangu, akala na wa pili, mwishowe akanionea huruma akanipa jibu: ni mkojo wa mtoto mdogo. Huja kwanza, ndipo mtoto akwambie, "Mama, mkojo!" Hapo nilielewa. Lakini ipo siku mgeni yuleyule huanza kubisha kabla hajaingia. Siku hiyo inajulikanaje? Nimelea wangu, nimelea wa dada zangu, na mpaka leo hapo sijafumbua. Nilicho nacho ni hadithi tu.

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa na nini?

"Bwawa!"

Na bwawani?

"Kiboko!"

Na jabalini?

"Pimbi!"

Na nepi?

"Hazikuwapo!"

Kumbe mnaijua. Basi nisahihisheni nikikosea, na mwenye haja aende sasa.

Ukame ulikuwa umekausha mito yote, likabaki bwawa moja chini ya jabali. Bwawani alikaa Kiboko. Kiboko alikuwa mkubwa, na mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko yeye. Alikula majani ya ng'ambo hii, akala majani ya ng'ambo ile, kisha akasema maji nayo ni yake. Juu jabalini alikaa Bi Pimbi na mwanawe, Tonge. Tonge alikuwa amejua kukimbia juzijuzi tu. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa "sitaki."

Asubuhi moja wakashuka kunywa maji. Tonge akanywa, akanywa, akanywa, kisha akasimama pale ukingoni. Churururu!

"Mama, mkojo," akasema kwa furaha.

Buuu! Maji yakapasuka, Kiboko akaibuka. "Nani anachafua bwawa langu?"

Na huku akiuliza, mkia wake ulikuwa kazini nyuma yake: pwata, pwata, pwata! Kinyesi kikaruka mpaka kwenye matete. Wakubwa waliokuwapo wakainua macho kutazama mawingu, na mawingu hayakuwapo. Tonge peke yake aliutazama mkia.

"Babu anapaka rangi," akasema.

Kiboko akavimba. "Mtoto huyu hajafunzwa! Wewe mama, nakupa mpaka mwezi huu ufe. Mwezi ukifa naye bado anakojoa ovyo, hamnywi hapa tena, wewe na yeye."

"Mzee wangu, huyu bado mdogo. Na maji mengine hayapo."

"Basi afunzike."

Bi Pimbi akarudi akachimba shimo zuri nyuma ya mshubiri, pale chini ya jabali. Akamkalisha Tonge. Tonge akakaa, akatabasamu, akachezea mchanga, akainuka. Hatua chache tu mbele: churururu!

Jirani yake Bi Kanga akapita. "Shoga, bado tu? Wangu aliacha siku aliyototolewa."

"Hongera, shoga. Na hicho kilichokulowesha mgongoni?"

"Umande," akasema Bi Kanga, akaenda zake upesi. Jua lilikuwa utosini.

Kiboko naye akaja, tupu-tupu-tupu, mpaka mchanga ukaruka shimoni. "Tatizo lako huna sauti. Mimi nikiamuru, hata mamba hupiga miayo kwa zamu. Tazama." Akainama juu ya Tonge. "Kojoa!"

Tonge akamtazama.

"Kojoa!"

Jani likaanguka kutoka mtini.

"KOJOA!"

Tonge akaangua kilio. Mama yake akambeba, na alipomweka kifuani tu: churururu!

"Umeona?" Kiboko akasema. "Amenidharau."

"Hajakudharau, Mzee. Hakuwa na mkojo. Sasa umempatia."

Baada ya hapo Bi Pimbi aliacha kumkalisha. Hakumfokea, hakumchapa. Mwezi ulikuwa unakonda, na kila usiku aliutazama. Lakini mchana kutwa alimtazama mwanawe. Akaona majani anayolalia yanaamka makavu. Akaona akilowa humvuta mkono: "Mama, toa." Akaona zamani alisema "mkojo" ukiwa umeshatoka, sasa anasema ungali njiani. Na zaidi ya yote, akaona kabla ya mgeni kuingia Tonge huacha mchezo. Hunyamaza. Sikio moja hulala. Kisha huelekea nyuma ya mshubiri, kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha sufuria motoni.

Bi Pimbi akashuka bwawani.

"Mzee Kiboko, nimepata dawa. Kesho mbele ya wote nitamwamuru Tonge, naye atakojoa shimoni. Akikojoa, maji yawe yetu sote, wakubwa na wadogo. Asipokojoa, tutahama, na jabali litakuwa lako."

Kiboko alikuwa akilitamani jabali lile siku nyingi, apate pa kuotea jua. Akakubali mbio, mate yakimdondoka.

Kesho yake wakakusanyika. Nyati alikuwapo, Bi Kanga na vifaranga wake walikuwapo, hata kobe aliyetoka jana yake akawahi. Tonge alikuwa anarundika vijiti.

"Amuru!" akasema Kiboko.

"Bado. Dawa haijachemka."

Tonge akarundika, vijiti vikaanguka, akacheka.

"Amuru!"

"Bado. Dawa haijachemka."

Bi Pimbi hakumwondolea macho mwanawe. Je, kama leo hatanyamaza? Je, kama atamaliza palepale kwenye vijiti?

"Amuru, au panda ukafunge mizigo!"

Kijiti kikabaki mkononi mwa Tonge. Akanyamaza. Sikio moja likalala.

"Mwanangu, twende," Bi Pimbi akamnong'oneza, akamshika mkono. Wakafika shimoni. Hapo ndipo alipopaza sauti wote wasikie: "Kojoa!"

Churururu!

Vigelegele! Nyati alipiga kwato, Bi Kanga akalia kama vile mtoto ni wake. Tonge akachungulia shimoni, akaupungia mkono mkojo wake: "Kwaheri."

Kiboko akamsogelea Bi Pimbi, akashusha sauti. "Mama, hiyo dawa nigawie. Mwanangu Zigo naye bado. Kaka zake wanamcheka."

Kumbe! Bi Pimbi akamtazama, na hasira yake nusu ikamwishia. Ile nusu nyingine akaitumia.

"Dawa hii hainywewi, Mzee, hukaliwa. Utatoka majini, ukae na Zigo pale kivulini mbali na bwawa. Usimwamuru. Usimpokonye chakula. Umtazame tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka anyamaze."

Kiboko akatoka majini. Wanyama wakanywa, wakaoga, wakajaza matumbo, na bwawa likaanza kutakata. Kule kivulini Kiboko mwanzoni alisinzia. Kisha Zigo akamletea kokoto. Akaipokea. Akaletewa nyingine. Akagundua kuwa mwanawe anapenda zile nyeupe, na kwamba anaogopa vyura, naye hakuwa akijua lolote kati ya hayo. Zigo akachukua siku zake. Kiboko akasahau kuuliza ngapi.

Na Tonge? Msimwambie Kiboko: asubuhi iliyofuata alimkojolea mama yake mgongoni.

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni kwamba mtoto hufuata amri ya mwenye sauti kubwa. Asipofuata, ongeza sauti.

"Uongo!"

Haya. Niliambiwa hadithi lazima iwe na funzo, nikashika lililokuwa karibu.

Lakini hadithi haijaisha. Kiboko aliporudi bwawani, wanyama waliamua kwamba watoto waachwe wafike wenyewe, na kwamba anayepaswa kufunzwa sasa ni mwenye mkia. Nani amwambie? Nyati akakagua kwato zake. Bi Kanga akakumbuka mayai. Wakatazamana, wakatazamana, wakatahamaki Tonge ameshateremka ukingoni, amekaa kitako, anamtazama Kiboko.

Kiboko alikuwa anazungumza; alizungumza sana. Mara akanyamaza. Sikio moja likalala. Mkia ukaanza kuinuka.

"Babu," Tonge akasema, akimnyooshea mkono, "twende."

Babu akaenda.

Nami hadithi yangu naitua hapa. Iliyo kavu mwende nayo nyumbani. Iliyolowa niachieni, nitaianika.